Shilingi Zaongezeka, Gorogoro Zapungua

Kwenye barabara kuu inayotoka Kitale kuelekea Webuye, kupitia Kiminini na Kamukuywa, kuna mpaka usio na kibao wala kizuizi cha polisi. Ndani ya mji, mfanyakazi asiye na ujuzi maalumu, anayefagia ghala au kupakia magunia, ana haki ya kulipwa angalau karibu Sh14,900 kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba. Nje ya mji, mtu yuleyule akifanya kazi ileile, haki yake inashuka hadi karibu Sh8,600. Akiingia shambani kupalilia mahindi inashuka tena, hadi karibu Sh8,000. Viwango hivi vilianza kutumika tarehe 1 Novemba 2024, vimechapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na mwajiri anayevifuata hana kosa lolote mbele ya sheria.

Sheria ya kima cha chini cha mshahara imeikata Kenya mafungu. Nairobi na majiji makubwa yako juu. Miji iliyokuwa na manispaa kabla ya ugatuzi wa 2013, Kitale na Bungoma ikiwemo, inafuata. Kisha kuna "sehemu nyingine zote". Kilimo kimetengewa amri yake pekee, na amri hiyo ndiyo iliyo chini kabisa. Kwa hiyo Trans Nzoia, kaunti ambayo kila mwanasiasa akisimama jukwaani huiita ghala la chakula la taifa, ndiyo yenye wafanyakazi wengi ambao sheria imewapangia ujira mdogo kuliko wote.

Nimeanza na mpaka huo kwa sababu kila mwaka, mwezi wa Aprili au Mei, Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) hutoa ripoti ya hali ya uchumi, na magazeti hukimbilia tarakimu moja: wastani wa mshahara. Siku hizi wastani huo umepita Sh70,000 kwa mwezi. Mpalilia mahindi wa Endebess akisikia habari hiyo redioni anashindwa kujua ni Kenya ipi inayozungumziwa.

Tarakimu yenyewe si ya uongo. Ila ni ya watu walioajiriwa rasmi tu, wenye hati ya malipo, na hao ni wachache. Mwaka 2024 nchi ilihesabu nafasi mpya za kazi 782,300, na kati ya hizo 703,700 zilikuwa katika sekta isiyo rasmi. Hapo ndipo waliko waendesha bodaboda wa Kanduyi, mafundi wa jua kali, mama mboga wa soko la Chwele na vijana wanaopakia mchanga. Hakuna hata mmoja wao anayeingia katika wastani huo. Halafu ndani ya hao walioajiriwa rasmi, wafanyakazi wa benki na wa mashirika ya kimataifa wanalipwa vizuri sana, wakauvuta wastani juu na kuwaacha walimu wa chekechea na walinzi wa usiku mbali chini yake.

Kuna jambo jingine kuhusu wastani ambalo watu wa Bungoma wanalijua kwa maisha yao, hata kama hawajalifanyia hesabu. Chukua karakana yenye wafanyakazi kumi. Wanane wanalipwa Sh20,000 kila mmoja, na wakubwa wawili Sh120,000 kila mmoja. Jumla ni Sh400,000, kwa hiyo wastani ni Sh40,000. Sasa kazi inazorota na sita kati ya wale wanane wanaachishwa. Wanaobaki ni wanne, jumla ya malipo ni Sh280,000, na wastani unaruka hadi Sh70,000. Hakuna aliyeongezwa hata senti. Familia sita zimekosa chakula, na kwenye karatasi mshahara wa wastani umepanda kwa asilimia 75.

Webuye iliyaishi hayo. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, ambacho wenyeji wote walikiita Panpaper, kilianza uzalishaji mwaka 1974 na kuujenga mji mzima: nyumba za kupanga, maduka, shule, vilabu vya mpira, foleni ndefu benki kila mwisho wa mwezi. Kikafungwa mwaka 2009. Mwaka 2016 kilichukuliwa na kundi la kampuni za Rai, lakini Webuye ile ya mishahara ya kila mwezi haikurudi kama ilivyokuwa. Aliyekuwa mhudumu wa mtambo alinunua pikipiki au akarudi kijijini kulima miwa. Alipotoka kwenye orodha ya waajiriwa alitoka pia kwenye wastani wa taifa, na taifa likaendelea kuhesabu bila yeye.

Mwendo kidogo kutoka hapo kuna kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978. Kwa miaka mingi wafanyakazi wake walidai malimbikizo ya mishahara. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa kampuni ya West Kenya Sugar kwa miaka 30. Mtu aliyeajiriwa na asilipwe kwa miezi, je, mshahara wake umepanda au umeshuka? Kwenye takwimu ana mshahara. Kwenye duka la kijiji ana deni. Mwenye duka naye ana deni kwa msambazaji wa jumla mjini Bungoma, na karo ya mtoto wa mwenye duka inasubiri. Mshahara mmoja usiolipwa hufunga milango mingi kwa wakati mmoja.

Tuingie sasa kwenye mahindi, maana hapa ndipo hesabu yote huishia. Magharibi mwa Kenya ujira hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka unaochukua kilo mbili na ushei. Gunia la kilo 90 hutoa takriban gorogoro 40. Kibarua anayelipwa Sh300 kwa siku, gunia likiwa Sh3,000, ana uwezo wa kununua gorogoro nne. Gunia likifika Sh5,000, anapata mbili na chenji kidogo. Bei hizo zote mbili si za kukisia. Kitale imeziona ndani ya miaka michache: bei ya chini baada ya mavuno mazuri, na ile ya juu, hata kupita hapo, wakati wa uhaba wa 2022 na 2023. Julai 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita Sh200. Serikali ikatangaza ruzuku ya kuishusha hadi Sh100, ruzuku ikadumu wiki chache tu, uchaguzi wa Agosti ukapita, na bei ikarudi kulekule.

Angalia pia kalenda. Trans Nzoia ina msimu mmoja mkuu wa mahindi. Watu hupanda Machi na Aprili, hupalilia Mei na Juni, huvuna kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kazi ya kupalilia, inayohitaji mikono mingi kuliko zote, inakuja wakati ghala za nyumbani zimekwisha na mahindi ni ghali kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hiyo kibarua anafanya kazi ngumu zaidi katika miezi ambayo ujira wake unanunua chakula kidogo zaidi. Mavuno yakifika mahindi yanakuwa rahisi, lakini mashine za kuvunia na kupukuchua sasa zimechukua sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa yake. Kati ya misimu kuna mbegu: Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, na wakulima wanaoizalishia mbegu wanahitaji watu wa kung'oa mbelewele safu kwa safu ili mahindi yasijichavushe yenyewe. Ni kazi ya wiki chache. Baada ya hapo kijana aliyetoka Kimilili au Sirisia anarudi kwao.

Nataka msomaji aone ukubwa wa jambo hili. Ukigawa kile kima cha chini cha mfanyakazi wa shambani kwa siku 26 za kazi, unapata Sh300 na ushei kwa siku. Yaani mwenye shamba anayelipa Sh300, tunayemlaumu kila siku kwa unyonyaji, yuko karibu kabisa na kile sheria inachomtaka alipe. Tofauti ni kwamba sheria inamfikiria mtu mwenye kazi mwezi mzima, huku kibarua akiitwa siku tatu, akapumzishwa, akaitwa mbili. Kwa mwezi anaweza kuwa na siku 10 za malipo. Hapo hata gorogoro nne za msimu mzuri hazitoshi nyumba yenye watoto watano, na bado hatujagusa mafuta taa, sabuni, dawa ya malaria na daftari.

Takwimu za kitaifa nazo, kwa wale walio na ajira rasmi, zimesema jambo lilelile kwa lugha ya wachumi. Mshahara halisi, yaani mshahara baada ya kuondoa kupanda kwa bei, ulishuka mwaka baada ya mwaka kuanzia 2020, na mwaka 2023 pekee ukapungua kwa asilimia 4.1. Bei za bidhaa zilipanda kwa wastani wa asilimia 7.7 mwaka 2022, zikapanda tena asilimia 7.7 mwaka 2023. Kasi ilipopungua hadi asilimia 4.5 mwaka 2024, wengi walidhani bei zimeshuka. Hazikushuka. Zilipanda polepole zaidi, juu ya zile zilizokuwa zimeshapanda.

Na hapo makato hayajaingia. Mwalimu au karani wa Bungoma anayelipwa Sh30,000 alikuwa akikatwa, kabla ya Februari 2023, Sh200 za NSSF na Sh900 za bima ya afya ya zamani, jumla Sh1,100, mbali na kodi ya mapato. Kisha sheria mpya ya NSSF ikaanza kutekelezwa, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ukaja katikati ya 2023, na Oktoba 2024 bima ya afya ikageuzwa kuwa asilimia 2.75 ya mshahara. Kufikia 2025 mtu huyohuyo alikuwa anakatwa Sh1,800 za NSSF, Sh825 za afya na Sh450 za nyumba. Jumla ni Sh3,075. Nakubali kwamba fedha za NSSF ni zake za uzeeni, na kwamba mgonjwa lazima atibiwe na mfuko fulani. Lakini Sh1,975 zilizoongezeka hapo ni karibu siku saba za kibarua.

Nimetumia kipimo hicho makusudi. Katika kaunti hizi mbili, Trans Nzoia na Bungoma, anayemwita kibarua mara nyingi ni mwalimu, muuguzi, polisi au karani mwenye ekari mbili au tatu Kwanza, Saboti au Webuye Magharibi. Mbolea ya ruzuku, Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50, anainunua kwa mshahara. Trekta analilipa kwa mshahara. Mpalilia anamlipa kwa mshahara. Hati yake ya malipo ikipungua karibu Sh2,000, yeye atalima ekari moja badala ya mbili au atawapeleka watoto wake shambani Jumamosi, na kibarua ataambiwa wiki hii hakuna kazi. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi, waliolipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, waligoma mwaka 2024 wakitaka ajira ya kudumu. Mwalimu wa aina hiyo hana uwezo wa kumwajiri mtu. Mara nyingine yeye mwenyewe anatafuta kibarua likizo ikifika.

Mkulima naye si mtu wa kutupiwa lawama zote. Gunia likiwa Sh3,000, kibarua anakula lakini mwenye shamba anapata hasara na kupunguza kazi msimu unaofuata. Gunia likiwa Sh5,000, mwenye shamba anapumua na kibarua analala njaa. Nimewasikia wanasiasa wa Trans Nzoia wakidai bei ya juu ya mahindi na wale wa mijini wakidai unga wa bei ya chini, na wote wana haki. Ambaye hatajwi na upande wowote ni yule anayelima mahindi kwa mikono yake kisha akayanunua dukani.

Kwa nini basi ujira wa shamba ulipangwa chini kuliko wa mji? Jibu lina umri wa miaka zaidi ya mia. Walowezi walipogawiwa ardhi ya Trans Nzoia, na hasa baada ya reli kufika Kitale mwaka 1926, kilichowakosesha usingizi ni kupata watu wa kuilima. Kodi ya kibanda iliwasukuma wanaume kutafuta fedha. Kipande, kitambulisho cha kuvaliwa shingoni, kiliwazuia kumwacha mwajiri. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, naye badala yake aliruhusiwa kulima kipande cha ardhi na kulisha ng'ombe wake kwenye shamba la mlowezi. Fedha zilikuwa haba, na mwaka 1921 walowezi walikubaliana kuzipunguza kwa thuluthi moja, jambo lililochangia hasira zilizompa mwanaharakati Harry Thuku wafuasi. Lakini skwota alikuwa na mahindi yake na maziwa yake. Ujira wa shilingi ulikuwa sehemu tu ya malipo yake.

Kisha ile sehemu nyingine ikaanza kuondolewa. Sheria ya 1937 iliwapa walowezi, kupitia mabaraza yao ya wilaya, mamlaka ya kupunguza ng'ombe wa maskwota na kuongeza siku za kazi. Wabukusu wengi waliokuwa wakiishi kwenye mashamba ya Trans Nzoia walibanwa hapo, na haishangazi kwamba Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde wa Kimilili ilipata masikio ya wengi miongoni mwao katika miaka ya 1940. Mijini, kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 iligundua kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa Kiafrika katika kampuni za binafsi walilipwa ujira usiotosha mahitaji ya lazima. Ikapendekeza mshahara uhame hatua kwa hatua kutoka kipimo cha mwanamume mseja hadi kipimo cha mtu mwenye familia. Pendekezo hilo lilihusu mji. Shamba likaachwa na dhana yake ya zamani, kwamba mfanyakazi wa huko ana chakula chake nyuma ya nyumba.

Dhana hiyo haina ukweli tena. Baada ya uhuru mashamba makubwa yaligawanywa na kununuliwa kwa vyama na kampuni za ununuzi wa ardhi, baba akawagawia wana, wana wakawagawia wajukuu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 Bungoma na 990,341 Trans Nzoia. Kijana wa leo anayesimama alfajiri kando ya barabara na jembe lake amerithi robo ekari, au hajarithi chochote. Hana ng'ombe wa skwota wala mshahara wa familia. Amebakiwa na ule ujira mdogo wa nyongeza, peke yake, na sheria bado inauona kama unamtosha.

Wanaosimamia mshahara wa chini wamekuwa wakifuata kalenda nyingine kabisa. Mwaka 2017 nyongeza ilikuwa asilimia 18. Mwaka 2018 ilikuwa asilimia 5. Ikafuata miaka mitatu, 2019, 2020 na 2021, bila nyongeza yoyote, janga la korona likiwa ndani yake. Mei Mosi ya 2022 ikatangazwa asilimia 12. Mwaka 2023 hakuna. Mwaka 2024 ikatangazwa asilimia 6 na ikasubiri hadi Novemba kuanza kutumika. Nyongeza mbili kubwa, 2017 na 2022, zilikuja miaka ya uchaguzi mkuu. Tumbo la mfanyakazi wa Cherangany halijui mwaka wa uchaguzi. Kipimo cha ujira kingefaa kufungwa kwenye bei ya chakula, kipitiwe kila mwaka bila kusubiri hotuba ya rais uwanjani, na bei inayotumika iwe ya Kitale, Kapenguria, Chwele na Bungoma pamoja na ile ya Nairobi.

Nina madai mengine mawili, na ninayasema nikijua kuna watakaosema yatawaumiza wakulima wadogo. La kwanza, amri ya kilimo iunganishwe na amri ya jumla, angalau kwa mashamba makubwa, mashamba ya serikali na kampuni za mbegu na sukari zinazouza kwa faida. Mkulima wa ekari moja apewe muda na msaada, lakini asitumiwe kama ngao ya mwenye ekari elfu. La pili, KNBS inapotangaza wastani wa mshahara, itangaze pia mshahara wa mtu wa katikati, yule ambaye nusu ya wenzake wanapata zaidi yake na nusu pungufu, na itangaze kaunti kwa kaunti, pamoja na ujira wa siku wa kibarua wa shamba. Mabunge ya kaunti za Trans Nzoia na Bungoma yana haki ya kuidai tarakimu hiyo hata kabla Nairobi haijaamua kuitoa.

Na wewe unayesoma haya Jumamosi, ukiwa na watu wanaopalilia shambani kwako, kuna jambo usilohitaji kusubiri serikali ilifanye. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, mwenye haki zake. Nunua daftari. Andika jina la kila anayekufanyia kazi na tarehe aliyofanya, mlipe jioni ileile, na mwezi ukitimia mtambue kama sheria inavyotaka.